Kifuniko Kinachopungua

Shangazi yangu aliitwa Cheche, na jina hilo hakupewa na mama yake. Lilimwotea mwilini. Ukimtazama mikono, kuanzia viwikoni hadi vidoleni, ilikuwa imejaa alama ndogo ndogo nyeupe, kama mtu aliyerukiwa na unga wa ngano akasahau kujipangusa. Kila alama ilikuwa cheche moja ya chuma. Hata vitambaa vyake vya kichwa vilikuwa na vitundu, na akijifunga kitambaa kipya watu walikuwa wakimuuliza kama leo anakwenda harusini.

Karakana yake ilikuwa ndani ya nyumba, katika chumba ambacho wewe na mimi tungekifanya sebule. Pale ambapo ungeweka kochi, yeye aliweka fuawe, lile pande la chuma la kugongea vyuma. Pale pa kabati la vyombo palikuwa na benchi la mbao nene lenye jiliwa, lile koleo kubwa la kubania chuma kisichezecheze. Ukutani, badala ya picha za wazazi, ilining'inia mikasi ya bati, tupa za kila unene, tindo, na ile mashine ya mkono inayozungusha kisahani cha kukatia. Mgeni alikaribishwa chai katikati ya mabamba. Ukikaa vibaya, uliondoka na ukumbusho kwenye sketi.

Ufundi aliupata kwa babu. Babu alikuwa amekusudia kumfundisha mwanawe wa kiume, yaani baba yangu, lakini baba aliogopa cheche. Mashine ikianza tu kuunguruma, baba alikuwa ameshafika kwa jirani. Dada yake ndiye aliyebaki amesimama palepale, amefumba jicho moja, anatazama. Babu akamkabidhi nyundo. Mpaka baba anafariki, shangazi alikuwa akimtania kwamba alizaliwa na miguu ya kukimbilia tu, mikono waliisahau.

Sasa, Cheche alikuwa na mazoea mawili ya kazi, nami nakuomba uyashike, maana mbele tutayahitaji.

La kwanza: hakugusa chuma kabla ya kukisikiliza. Aliinua bamba, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Palipo na ufa alijua. Palipoliwa na kutu kwa ndani alijua. Sisi tukimuuliza, "Linasema nini?" alijibu, "Linasema mpunguze maswali."

La pili: kitu cha kufunika au kuziba hakukipima kwa futi hata siku moja. Alichukua karatasi ngumu ya boksi, akaikata, akaiweka pale pa kuziba, akapunguza hapa na pale mpaka ikakaa imebana kabisa. Hicho ndicho kiolezo. Akarudi nacho nyumbani, akakilaza juu ya chuma, akachora kwa kalamu ya chuma kukizunguka, akaanza kukata. "Futi inakupa namba," alikuwa akisema, "na namba utaisahau njiani. Kiolezo hakisahau." Akishakuwa na kiolezo chake, hakurudi tena kutazama mahali penyewe mpaka kazi iishe. Arudi afanye nini? Mdomo wa sufuria haukui. Dirisha halinenepi. Hivyo ndivyo babu alivyomfundisha, na hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote.

Halafu likaja jambo la jicho. Kipande cha chuma, chembamba kama punje ya mchanga, kilipita pembeni ya miwani yake ya kazi kikamwingia jicho la kushoto. Daktari alikitoa, lakini jicho lilibaki na ukungu. Mwanawe, binamu yangu, ambaye sote tulimwita Dereva kwa sababu alikuwa dereva wa lori, hakuweza tena kutulia barabarani. Akirudi safari, kabla hata ya kuvua viatu, anakwenda kumhesabu mama yake vidole.

"Mama, funga hii karakana," akamwambia siku moja mbele yetu. "Unakata chuma kwa jicho moja. Ukiteleza kidogo tu ni mkono huo."

"Mkono ninao."

"Leo unao."

"Basi niulize kesho."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana hivi: kazi itakayokuja mlangoni kwanza, Cheche ataifanya peke yake. Ikikaa sawasawa, Dereva hatatia neno tena. Ikipotoka, mama atafunga karakana, na ufunguo atakaa nao mwanawe. Cheche alikubali haraka. Nilimwona akikubali, na niliona vilevile alivyoliacha jicho la kulia likitazama zile tupa ukutani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeaga bila kutaka kuonekana.

Kazi iliyokuja mlangoni kwanza ilikuwa yetu.

Sisi, yaani mama yangu, mimi na mwanangu mdogo tuliyemwita Bonge kwa sababu ya mashavu yake, tulikaa ng'ambo ya barabara na mtaa mmoja nyuma. Uani kwetu, karibu na mlango wa nyuma, kulikuwa na kisima cha siku nyingi. Mdomo wake ulizungushiwa mawe yaliyopangwa bila saruji, na kwa ndani mawe hayo yaliacha kidato chembamba, upana wa vidole viwili, ambapo kifuniko cha mbao kilikalia. Asubuhi moja mama alikwenda kuchota maji, akakuta kifuniko hakipo. Kilikuwa kimetumbukia chenyewe.

"Kimeoza," mama akasema. "Hata mimi ningekuwa nimekaa juu ya maji miaka yote hiyo ningeoza."

Tulilaza mbao kukingama juu ya kisima, maana Bonge alikuwa ameanza kutambaa na hakuna kitu alichokipenda kama mahali alipokatazwa. Kisha tukaenda kwa shangazi.

"Wifi," mama akamwambia akiwa bado mlangoni, "nataka kifuniko cha chuma. Kizito. Kitakachonizika mimi na kubaki."

"Wewe wa kuzikwa ni nani? Ardhi yenyewe itakutema."

"Ndiyo, kwa sababu ukoo wenu umenifanya mchungu."

Mama na Cheche walikuwa mawifi wa kweli. Siku ambayo hawajatupiana maneno, mmoja wao anaumwa.

Shangazi alichagua bamba lililokuwa limeegemea ukuta wa nje tangu zamani. Dereva alilileta kutoka machimbo ya kokoto, ambako lilikuwa sehemu ya mashine ya kuvunja mawe. Lilikuwa limepigwa na mawe maisha yake yote, na chuma cha namna ile kina tabia moja mbaya: kadiri unavyokipiga ndivyo kinavyozidi kukaza. Mkasi wa bati hauwezi hata kukwaruza. Keekee ya kutobolea inazunguka juu yake na kupiga kelele kama inayochinjwa. Kinakatika kwa kisahani tu, polepole, huku unamwagia maji, na mkono wako usisite. Ukisita mahali pamoja, pale uliposita panapata moto, panakuwa pagumu kupita kwingine, na kisahani kinakataa kuingia.

"Mama, si uchukue bati la kawaida?" Dereva akasema. "Saa moja umemaliza."

"Mtoto anatambaa pale," akajibu. "Bati la kawaida ni la kufunikia uji."

Akaja kwetu na karatasi yake ya boksi, akakata kiolezo, akaondoka. Akajifungia karakanani siku nyingi. Nilikuwa nikimpelekea chakula namkuta amepiga goti juu ya bamba, miwani usoni, maji yakitiririka kutoka kwenye kopo lililotobolewa, mstari mwembamba unasogea kwa mwendo wa konokono. Alipomaliza kukata duara, alililaza juu ya tairi kuukuu na kulipiga nyundo kutoka katikati kwenda pembeni, ili litune kidogo kama kifuniko cha chungu na maji ya mvua yasituame. Kila pigo lilikuwa linarudi na sauti kali zaidi. Mtaa mzima ulijua kwamba Cheche anafanya kazi.

Siku ya kukiweka, Dereva na jirani mmoja walikisukuma kwenye mkokoteni. Tukaondoa mbao. Wakakishusha kwa mpini.

Kikakaa upande mmoja, kikateleza upande wa pili, kikasimama wima kama sarafu. Dereva alikidaka kabla hakijazama.

Mama, Mungu amsamehe, akacheka. "Wifi, mimi nilikuagiza nguo, wewe umenishonea soksi!"

Cheche hakucheka. Alikilaza kifuniko chini, akakiwekea kiolezo juu. Vililingana pande zote. Akasogeza uso karibu, jicho la kulia, halafu lile la kushoto. Vililingana.

"Basi kiolezo ndicho nilichokosea," akasema taratibu.

Dereva alimtazama mama yake kwa huruma, na huruma ile ilimuuma shangazi kuliko kicheko cha mama. "Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Lakini bamba limebaki kubwa, linatosha kingine. Nipe mara moja tu. Nikikosea tena ufunguo ni wako, sitasema neno."

Dereva alifikiri, akakubali.

Safari hii Cheche aliniita. "Binti yangu, macho yako ni mazima. Njoo unishuhudie." Alikata karatasi mpya, akaiweka kwenye kidato, akaipunguza, akaiweka tena. "Pitisha ukucha," akaniambia. Nilipitisha ukucha kuzunguka kisima chote. Haukuingia mahali popote. Karatasi ilibana mpaka ilibidi aitoboe katikati kwa msumari ili apate pa kuishikia kuitoa. Niliona kwa macho yangu, nakuambia.

Akarudi kwenye bamba. Siku nyingi tena za maji na kelele.

Ni katika siku hizo, huku nyumbani kwetu, mama alipoanza kulalamika kwamba vitu vyake vinapungua.

Kwanza kamba ya ndoo. "Hii kamba ina ugonjwa gani?" akasema. "Juzi ilifika majini, leo ndoo inaning'inia." Nikamwambia ni kiangazi. Akaniambia mvua imenyesha wiki nzima, au mimi nilikuwa nimelala? Tukaiunga kwa kipande kingine, baada ya muda mfupi hata kile hakikutosha.

Kisha mlango wa nyuma. Ulikuwa ukifunguka kwa kidole, sasa ulitaka bega. Juu ulikwaruza, chini ukaacha uwazi, na mchana kweupe, hewa haitikisi hata jani, kupitia uwazi ule ulitoka ubaridi uliokupata vifundoni. Nilikuwa nikishona karibu na mlango ule kwa sababu ya mwanga. Nikahamisha cherehani. Sikujua kwa nini, ila sikupenda tena kuupa mgongo.

Halafu kulikuwa na ile sauti. Ukiinua ubao kuchota maji, kabla ya kushusha ndoo, ulisikia kule chini kitu kikidondoka. Kijiwe kimoja. Unangoja. Kingine. Hakukuwa na upepo, hakuna aliyegusa. Vilikuwa vikidondoka kwa utaratibu, kama mtu anayechambua mchele na kutupa mawe, na ana siku nzima.

"Chura," mama akasema.

"Chura anatupa mawe?"

"Chura wa siku hizi."

Alitania, lakini niliona anafunga ubao kwa haraka.

Kifuniko cha pili kilipokuwa tayari, Cheche alikuja nacho akiwa amevaa kitambaa kipya kabisa. Alikuwa amekiweka kiolezo juu ya chuma nyumbani, mbele ya Dereva, na Dereva mwenyewe alikiri kwamba hata fundi wa saa asingefanya vizuri zaidi. Safari hii walifunga mnyororo kwenye mpini, kwa tahadhari.

Wakakishusha. Hakikukaa upande wowote. Kilipita. Kilipita kwenye kidato kama kitonge kinavyopita kooni, kikaning'inia gizani kwenye mnyororo wake, kinazunguka polepole.

Hakuna aliyecheka. Hata mama.

Dereva na jirani walikivuta juu. Dereva akanyoosha kiganja, bila kumtazama mama yake usoni. Alikuwa anaomba ufunguo.

Cheche hata hakukiona kile kiganja. Alikuwa anatazama mdomo wa kisima. "Nipeni ile karatasi," akasema.

Nikampa. Ile ile, yenye tundu la msumari katikati. Ile niliyoipitishia ukucha. Akapiga magoti, akaiweka kwenye kidato.

Karatasi ikayumba kidogo, kama inayowaza, halafu ikashuka. Tuliuona weupe wake ukipungua, ukipungua, mpaka ukawa si kitu.

"Chuma hakijapungua," Cheche akasema. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Na karatasi haijapungua."

"Basi nini kimepungua?" mama akauliza.

Shangazi alikuwa ameinama juu ya yale mawe, anapitisha kidole kwenye viungo vyake. Kila jiwe lilikuwa limeachana na mwenzake kidogo sana, unene wa ukucha, usingeliona kama hukutafuta. Lakini mawe ni mengi, na duara zima lilikuwa limejipanua kidogo kidogo, pande zote sawa, kama mdomo wa mtu anayetaka kuanza kusema.

Akamwambia Dereva akining'inize kifuniko juu ya kisima. Akachomoa nyundo yake ndogo kiunoni, akakigonga mara moja, akainamisha sikio.

Mlio ukashuka chini. Kisha ukarudi. Ila haukurudi kutoka kisimani. Ulirudi kutoka nyuma yetu, chini ya nyumba, chini ya chumba ambamo Bonge alikuwa amelala usingizi wa mchana.

Sikumbuki nilivyofika pale kitandani. Nakumbuka tu uzito wake kifuani mwangu na tone la jasho kwenye shavu lake, na shangazi akipita nyuma yangu, anagonga sakafu kwa nyundo, hatua na kugonga, hatua na kugonga, jikoni, ukumbini, chumbani. "Hapa pana kitu," anasema. "Hapa pana kitu." Akafika katikati ya chumba. Akagonga. Akagonga tena. "Hapa hakuna."

Alitaka tuhame siku ileile. Dereva akamshika bega, akamvuta pembeni, lakini nyumba yetu haikuwa na pembeni, nilisikia yote.

"Mama, usiwatishe watu. Umekosea kipimo, basi. Hakuna aibu. Jicho linaumwa, si wewe."

"Unadhani nafunika kosa langu."

"Nadhani umechoka."

Cheche akafungua pindo la kitambaa chake, akatoa ufunguo wa karakana, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe na kumkunja vidole yeye mwenyewe. "Huu hapa. Usiseme nimekudanganya. Lakini nakuomba badala yake unitolee hawa watu humu ndani. Nikiwa nimekosea, usinirudishie mpaka nife."

Dereva akaenda kuleta mkokoteni. Tulihamia kwa shangazi jioni ileile, na magodoro na sufuria na cherehani. Kile kifuniko cha pili tukakiacha juu ya mbao za kisima, kuzikandamiza.

Sasa ngoja nikuambie siku zilizofuata zilivyokuwa, maana watu huziruka. Hakuna kilichotokea. Jua lilichomoza, jua likatua. Nyumba yetu ilisimama palepale, tukiiona kutoka pembe ya barabara, ikiwa na mapazia yake. Karakana ilikuwa na kufuli. Cheche alikaa kwenye kizingiti chake, mikono magotini, viganja juu, kama vyombo vilivyooshwa na havina wa kuvitumia. Watu walipita wakimsalimu kwa ile sauti ya upole wanayomsalimia mgonjwa. Mtu mmoja alipita na sufuria iliyotoboka, akaona kufuli, akaificha sufuria nyuma yake, akaenda zake. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Mama alivumilia alivyoweza. Lakini mama yangu kuwa mgeni ni kama kuku kuwa kwenye maji. Alasiri moja akabeba godoro kichwani.

"Wifi, nimekula chumvi yako, nashukuru. Leo nalala kwangu."

Nilidhani shangazi atamzuia. Hakuwa na nguvu ya kumzuia, si alishakabidhi ufunguo? Neno lake lilikuwa limekwenda na ule ufunguo. Aliinuka tu, akajifunga kitambaa vizuri. "Nitakusindikiza," akasema. "Ukifika, fungua mlango wa nyuma. Ukifunguka, ingia ulale, na nitakupikia mimi."

"Chakula chako kina chembe za chuma."

"Ndiyo maana una nguvu."

Tukaenda sote, Dereva akiwa mbele na sufuria. Mlango wa mbele ulifunguka vizuri tu. Mama akanitazama, jicho la ushindi. Akaingia na godoro, Dereva nyuma yake. Mimi nilibaki kizingitini na Bonge mgongoni, na Cheche kando yangu. Tuliwasikia wakivuka ukumbi mpaka mlango wa nyuma. Tukasikia kitasa. Tukasikia bega la Dereva, mara ya kwanza, ya pili.

"Umekwama," akasema. "Umekwama kama uliopigiliwa misumari." Kisha, baada ya kitambo, kwa sauti nyingine: "Mama, mbona kuna upepo humu?"

Cheche alichuchumaa pale kizingitini. Akachomoa nyundo yake ndogo, chombo pekee alichobakiwa nacho, akaigonga sakafu, taratibu, kama anayebisha hodi kwa watu waliolala.

Nami nilisikia. Sina sikio la fundi, lakini nilisikia. Haikuwa sauti ya sakafu. Ilikuwa sauti ya ngoma.

"Tokeni," Cheche akasema. Hakupaza sauti. "Msikimbie. Mwanangu, ondoa bega mlangoni. Wifi, liache godoro. Tembeeni kama mnaoingia msibani."

Na mama, ambaye maisha yake yote hakumtii wifi yake hata katika kukoroga chai, akaliachia godoro likateremka lenyewe, akavua viatu, akatembea. Dereva akamfuata, ameinua sufuria mbele yake kwa mikono miwili kama yai. Ukumbi wetu haukuwa mrefu. Siku ile ulikuwa mrefu. Waliponifikia nilimvuta mama kwa nguo, tukarudi nyuma mpaka barabarani.

Watu wanafikiri jambo kama lile huja na radi. Hapana. Nyumba yetu ilikaa chini, kama mtu mzee aliyechoka anavyokaa, kwanza upande wa nyuma, akaegemea, kisha taratibu akajiachia. Paa likafuata. Vumbi likainuka. Halafu, katika ule ukimya, tukakisikia kifuniko.

Kilikuwa kinashuka. Kiligonga mahali, kikalia. Kikagonga pengine, kikalia kwa sauti ya chini zaidi. Lile bamba halikuwa na sauti nyingine ila ile ya ukali tuliyoizoea mtaa mzima, na sasa ilikuwa inakwenda mbali na sisi, chini, chini, kila mlio mdogo kuliko uliotangulia. Sote tulisimama tukisubiri utue majini, au kwenye mwamba, popote. Majirani walitoka, wakasimama, wakasikiliza. Mpaka leo sijui kama kilifika. Sisi ndio tuliochoka kusikiliza.

Jioni ile hakuna aliyesema lolote kuhusu ufunguo. Lakini Cheche alipotaka kwenda kujilaza, alikuta kufuli la karakana liko wazi, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari wake wa zamani, karibu na tupa. Dereva alikuwa ameketi kwenye fuawe, uso mikononi.

"Utapata baridi ya makalio," mama yake akamwambia. "Hicho ni chuma."

"Mama, nilikuwa nimeweka bega pale."

"Najua. Nilikusikia."

Hakuuchukua ufunguo siku ile wala iliyofuata. Kisha mwenye sufuria iliyotoboka akarudi, na kazi haina adabu, ikamwinua. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu, na Dereva akamnunulia miwani inayofunika mpaka pembeni, bila hotuba. Sisi tulibaki kwake. Chumba cha nyuma kikawa chetu, na Bonge akajifunza kutembea katikati ya mabamba, akiyashika moja moja na kuyagonga kwa kifundo cha kidole, kwa kuwa alidhani ndivyo watu wanavyosalimia vitu.

Jambo moja tu lilibadilika katika kazi ya shangazi. Siku hizi akikata kiolezo, anarudi nacho kila siku mahali penyewe mpaka kazi iishe. Wateja wanamshangaa. Anawaambia anapenda kutembea.

Na kuna jambo jingine, hilo wateja hawalijui. Kwenye kona ya karakana, chini ya benchi, sakafu ina tundu la duara la kutolea maji ya kukatia. Asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, Cheche anapiga magoti pale na kiduara cha karatasi ngumu alichokikata siku aliporudi kazini. Anakiweka kwenye tundu. Anakibonyeza kwa kidole. Mama, akiwa jikoni na birika, anamwuliza kwa sauti ya utani ambayo si ya utani sana:

"Wifi, vipi? Kimekuwa soksi?"

Nyumba nzima inanyamaza, hata Bonge. Cheche anapitisha ukucha kuzunguka karatasi, polepole, mzunguko mzima, ameinamisha sikio.

"Bado," anasema. "Bado kinabana."

Ndipo mama anapomimina chai.